Masomo ya Siku za Mbalamwezi

Kwa miaka zaidi ya ishirini nilikuwa na maneno yangu niliyopenda kutamba nayo chumba cha walimu: hajatoka mtoto mikononi mwangu bila kujua kusoma. Nilikuwa nayasema hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Wenzangu walishazoea, na mmoja wao alikuwa akinimalizia sentensi kabla sijafika mwisho, tunacheka, chai inaendelea. Mimi kwetu ni milimani, Upare, na nililetwa Ujiji na barua ya kazi nikiwa binti mwembamba. Nikaolewa hapa, nikanenepa hapa, na maringo yangu ya ualimu yakanenepa pamoja nami.

Msichana ninayetaka kumweleza alikuwa na miaka kumi na minne na yuko darasa la tano, kwa hiyo alikuwa mkubwa kuliko wenzake kwa umri na kwa urefu. Alikaa dawati la nyuma, upande wa dirisha. Alikuwa mtaratibu mno. Ukimwita jina alichukua muda kugeuka, ukimtuma chaki alikwenda na kurudi na kitu kingine. Lakini kusoma nilimpa alama nzuri, maana kila nilipomsimamisha alisoma ukurasa mzima bila kukwama, kwa sauti ya chini, na darasa likamsikiliza. Nilimhesabu miongoni mwa ushahidi wangu.

Siku moja nikamsimamisha kama kawaida. Vitabu vilikuwa vichache, watoto watatu kitabu kimoja, na mimi hupenda kutembea kati ya madawati wakati mtoto anasoma. Nilipofika nyuma yake nikaangalia begani kwake. Ukurasa aliokuwa anausoma ulikuwa umechanika. Nusu ya chini haikuwepo kabisa. Yeye alikuwa anaendelea kusoma. Alisoma sentensi zote zilizokuwa kwenye kile kipande kilichopotea, neno kwa neno, mpaka mwisho, kisha akafunga kitabu na kusubiri nimwambie aketi.

Nilichukua kitabu kingine mezani kwangu, nikafungua popote, nikamwekea mbele. Nikamwambia asome hapo. Hakuangalia kitabu. Aliniangalia mimi, usoni, midomoni, kama anayetafuta kitu nilichokificha. Mimi ni mtu wa hasira, sifichi, na hasira yangu hufika kabla ya akili. Nilidhani ananifanyia dharau mbele ya darasa. Nikapiga rula juu ya dawati lake na kumuuliza kama ananichezea. Darasa likacheka. Yeye akabaki amesimama mpaka kengele ikalia, na kesho yake hakuja shule.

Hakuja keshokutwa pia, wala wiki iliyofuata. Kwenye daftari la mahudhurio nikamwandikia mtoro, siku baada ya siku, kwa wino mwekundu. Wiki ya pili nikaamua kumfuata, na sitasema nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kugomba.

Aliishi na bibi yake, mzaa mama, mwanamke mkavu mwenye macho makali aliyekuwa na chanja zake za kuanikia dagaa pale mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga na kushusha samaki. Ziwa lilipopanda miaka ya karibuni lilimchukulia chanja za chini, akazihamishia juu kidogo karibu na njia. Nilimkuta amejifunga kanga kiunoni, na msichana wangu yuko mwisho wa chanja anageuza dagaa kwa viganja. Dagaa walikuwa wamejaa, fedha tupu, hata chini kwenye mikeka.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba. Mwakeye, mwalimu," akanijibu na kunisalimu Kiha hapohapo. "Umekuja kununua?"

"Nimemfuata mtoro wangu."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake. "Mtoro yupi? Giza limeingia, mwalimu. Dagaa wapo. Mbalamwezi ikianza atakuja, kama siku zote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Wavuvi wa dagaa hutoka gizani na taa zao. Siku hizi ni taa za betri, zamani zilikuwa karabai. Dagaa huifuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linang'aa, dagaa hawana haja na taa ya mtu, na mitumbwi hupumzika nchi kavu siku kadhaa mpaka giza lirudi. Kila mtoto wa Ujiji analijua hilo kabla hajajua kuvaa viatu. Nami nilijua pia, kama mtu anavyojua habari za majirani. Sikuwahi kulihusisha na daftari langu la mahudhurio.

Kesho yake nilifungua kabati la shule na kutoa madaftari ya miaka ya nyuma. Utoro wake ulikuwa umekaa kwa mafungu. Siku kumi hayupo, halafu yupo siku zote, halafu siku kumi na moja hayupo, mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka. Hakuna mwalimu aliyeona, maana kila mmoja aliangalia wiki yake tu. Nikafika darasa la pili. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa nimemfundisha mimi, miaka ile, nikamsahau miongoni mwa watoto themanini, na kwenye fomu yake nilikuwa nimeandika, "Anasoma vizuri," nikatia saini kwa mbwembwe.

Nilikaa chini pale penye kabati. Nilijua jinsi ilivyokuwa, sikuhitaji kuelezwa. Sisi hufundisha kwa kuitikia. Mwalimu anasoma, darasa linarudia, mwalimu anasoma, darasa linarudia. Mtoto mwenye sikio zuri anaweza kujificha ndani ya sauti za wenzake miaka mingi na akasifiwa. Huyu alikuwa hana kumbukumbu ya herufi, lakini alikuwa na kumbukumbu ya sauti ambayo sijapata kuiona kwa mtoto mwingine.

Nilirudi kwa bibi yake jioni ileile, safari hii bila rula kichwani. Akanieleza mengine. Akiwa na miaka mitatu mtoto alipigwa na degedege, siku mbili hajitambui. "Aliporudi," bibi akasema, "alirudi polepole. Mpaka leo yuko njiani." Alilisema bila huzuni, kama anavyoeleza hali ya ziwa. Kisha akaniambia jambo lililonipa kazi ya miezi sita. Mama mdogo wa mtoto aliolewa Kalinzi, kule juu kwenye kahawa, ana watoto wadogo na shamba, na alikuwa anamtaka msichana akamsaidie. Bibi alikuwa ameshatoa neno: shule ikifungwa mwezi wa kumi na mbili, kama mtoto hajui kusoma, anapanda Kalinzi na habari ya shule imekwisha.

"Sitamkalisha mtoto kwenye dawati kwa ajili ya kukaa," akasema.

Msichana alikuwa anageuza dagaa. Hakuinua uso. "Mimi Kalinzi sitaki," akasema. "Nataka shule." Katika miaka yote ile hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema kitu bila kuulizwa.

"Bibi, atasoma," nikasema. "Nakuhakikishia."

"Darasa la pili ulinihakikishia hivyohivyo."

Akaendelea, na sauti yake haikuwa na ukali. "Mimi nina sura nyingi za Kurani kichwani, mwalimu. Nilizikariri chuoni nikiwa mdogo. Lakini ukinifungulia msahafu mahali nisipopajua, nakwama. Kwa hiyo hilo najua lilivyo. Akisoma kitabu chako sitasema anasoma. Siku ikifika nitampima mwenyewe."

Ilikuwa mwishoni mwa mwezi wa sita. Tulianza uani kwangu, mbalamwezi ya kwanza, baada ya masomo ya shule, na nilianza kwa kufanya makosa yaleyale niliyoyafanya miaka ishirini. Nilibandika chati ya silabi ukutani. Ba be bi bo bu. Aliimba chati nzima bila kosa. Nikaweka kidole kwenye "bo" peke yake, akasema "ba". Nikaweka kwenye "bu", akasema "ba". Nikafuta, nikaandika upya, nikaeleza, nikaeleza tena kwa sauti kubwa zaidi kama vile tatizo lilikuwa masikio yake. Siku ya nne niliirusha chaki ukutani. Alikwenda akaiokota, akaifuta vumbi kwa kanga, akaniletea. "Imedondoka, mwalimu," akasema. Niliona aibu, na papo hapo nikacheka, na yeye akacheka kwa sababu mimi nimecheka. Lakini mbalamwezi ile iliisha hajui hata silabi mbili.

Giza likaja, akarudi kwenye chanja. Mbalamwezi ya pili nilikuwa nimekwenda mwaloni kutafuta samaki wa migebuka wa chakula cha jioni. Mitumbwi yote ilikuwa imevutwa mchangani, imepangwa safu moja ndefu, wavuvi wamekaa kwenye vivuli vyake wanaziba nyavu. Msichana wangu alikuwa anaosha mtumbwi wa jirani yao. Nikamwona anaacha kuosha na kupitisha kidole kwenye jina la mtumbwi, taratibu, herufi moja moja, akirudi nyuma na kupitisha tena.

Pale mwaloni kuna fundi mitumbwi, mzee wa makamo, mpole, mwenye kusema kidogo. Yeye haandiki jina kwa brashi tu. Kwanza huchonga herufi kwa patasi, herufi ya mwanzo kubwa na zinazofuata ndogo, ndipo anajaza rangi, ili jua na maji vikila rangi jina libaki. Kwa hiyo majina ya mitumbwi ya kwetu unaweza kuyashika.

"Huo unaitwaje?" nikamuuliza.

"Tulia."

"Nani kakwambia?"

"Watu wanauita Tulia. Na hapa," akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, "hii ina kichwa kipana. Hii haina kitu, fimbo tu." Alikuwa anaonyesha "l". Alikuwa anaiona. Kwa macho ilimchanganya, kwa kidole aliijua.

Nilisahau migebuka. Nikakunja kanga yangu, nikapiga magoti mchangani kwa uzito wangu wote, nikamshika kidole na kuanza naye upya. T. U. Tu. Wavuvi waliacha nyavu zao kutuangalia. Kuanzia siku ile masomo yalihamia mwaloni. Siku za mbalamwezi, jua likiwa limelegea, tulipita mtumbwi kwa mtumbwi, na kitabu chetu kilikuwa mbao za watu. Tulia. Asante Mama. Utanikumbuka. Mola Yupo. Wavuvi wakapata jambo la kuchekea. "Mwalimu, leo tunasoma wa nani?" wakaniuliza. Mwingine akaniambia boti yake imeshafika chuo kikuu. Niliwajibu kwa ulimi wangu mkali na wao wakafurahi zaidi.

Giza lilinipa taabu. Siku kumi za kugeuza dagaa zilifuta nusu ya tulichojenga. Mara ya kwanza nilipogundua nilikasirika na kila mtu, mpaka na mwezi wenyewe. Kisha nikaona kwamba nilikuwa nangoja ziwa lifuate ratiba yangu, na ziwa halijawahi kumfuata mtu. Nikaanza kwenda chanjani hata siku za giza, asubuhi kabla ya shule, dakika kumi tu. Sikumwondoa kazini. Nilichora herufi moja mchangani karibu na miguu yake, akaipitisha kwa kidole gumba cha mguu huku mikono ikigeuza dagaa, nikaondoka. Bibi aliangalia mambo hayo bila kusema kitu. Siku moja nilipochelewa akaniuliza kama ninaumwa.

Mbalamwezi ya tatu ilipoanza, alisoma mitumbwi minane mfululizo. Minane. Anaweka kidole, anatamka silabi, anaunganisha, anasema jina. Nilirudi chumba cha walimu nikatamba vibaya sana. Nikamleta hata mwalimu mwenzangu mmoja aje ajionee. Sijui kwa nini sikuwa nimejifunza.

Tulipofika kwenye Utanikumbuka, mtumbwi wa kijani, msichana akaweka kidole na kusoma kwa utulivu. "U-ta-ni-ku-mbu-ka." Kidole kilitembea juu ya mbao vizuri kabisa. Nyuma yetu fundi mitumbwi akaanza kucheka, akacheka mpaka akaweka patasi chini. Mtumbwi ule ulikuwa umeuzwa wiki mbili nyuma. Mwenyewe mpya alitaka rangi ileile ya kijani lakini jina jingine, na fundi alikuwa ameshachonga ubao mpya. Ulikuwa umeandikwa Hata Wewe.

Alikuwa amekariri mitumbwi. Rangi, mahali ulipo kwenye safu, mwenye nayo. Kidole alikitembeza kwa sababu mimi nilipenda kitembee. Mwalimu mwenzangu alijitahidi asicheke, na kujitahidi kwake kuliniumiza kuliko kicheko. Nikaketi mchangani. Msichana akaniangalia usoni, akaona, na macho yake yakajaa machozi. Akasema polepole, "Nilitaka ufurahi."

Sikugomba. Sikuwa na hasira hata chembe, nilikuwa na huruma tu, na sehemu ya huruma hiyo nilijionea mwenyewe. Nilimvuta akakaa karibu yangu, nikamwambia kwamba sitaki anifurahishe, nataka ajue kuna nini pale kwenye ubao hata kama kinanichukiza. Sidhani alielewa siku ile. Ilibidi nimwambie mara nyingi.

Aliyetuokoa ni fundi. Alikuja baada ya mwenzangu kuondoka, akachutama, akasema, "Mwalimu, mimi nikimfundisha mtu ufundi simpi mtumbwi mzima. Nampa ubao mmoja." Jioni ileile akachukua vipande vya mbao vilivyobaki, akachonga silabi moja kwenye kila kimoja. Ta. Ni. Ku. Mbu. Ka. Wiki hiyo vikafika arobaini hivi, tukavitia kwenye kiroba. Msichana aliingiza mkono bila kuangalia, akatoa kipande, akakipapasa, akakitaja. Havikuwa na rangi wala mwenyewe, na havikukaa mahali pamoja hata siku moja. Hapakuwa na pa kujificha.

Alikosea sana. Mbalamwezi ya nne alikosea zaidi ya alivyopatia, na alichoka upesi. Baada ya robo saa macho yake yalikufa na ukiendelea unapoteza muda. Nikajifunza kusimama kabla hajachoka, jambo lililo gumu kwangu kuliko kufunga Ramadhani kwa mlafi. Taabu yake kubwa ilikuwa "b" na "d". Nilimpa mbinu zote ninazozijua na hakuna iliyoshika. Kisha siku moja akanionyesha yake. Alisimamisha kipande chenye "b" mkononi. "Huyu ana mimba," akasema. Akachukua "d". "Huyu amebeba mtoto mgongoni. Wote wanakwenda huku," akaonyesha kulia, upande tunaosomea. Nilitazama vile vipande kwa muda. Nimefundisha herufi hizo kwa mamia ya watoto na sijawahi kusikia maelezo mazuri kama yale. Kuanzia hapo hakuzichanganya tena, na mimi nayatumia maelezo yake darasa la kwanza mpaka leo.

Mbalamwezi ya tano, mwezi wa kumi na moja, ulifika mtumbwi mgeni kutoka pwani ya kusini ya ziwa. Ulikuwa umekuja na mzigo na ukakaa siku mbili. Mimi nilikuwa nimesimama na muuza migebuka, tunavutana kama ilivyo ada, nimempa mgongo msichana. Nikasikia sauti nyuma yangu.

"Du. Ni. A." Akarudia. "Du-ni-a. Pa. Na."

Niligeuka. Alikuwa kasimama kwenye maji mpaka magotini, kidole kiko ubavuni mwa mtumbwi ule mgeni. Hakuna aliyemtuma. Hakuwa ananiangalia.

"Dunia Pana," akasema, na mvuvi aliyekuwa ndani akachungulia kuona nani anamwita.

Nilimuuliza kama kuna mtu kamwambia. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza mvuvi kama mtumbwi wake umewahi kufika Ujiji. Akasema hiyo ndiyo safari ya kwanza. Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Wanangu wawili wamemaliza chuo, na siku za mahafali yao nilipiga vigelegele kama wazazi wengine, lakini fahari ile ya kusimama na samaki mkononi mbele ya mtumbwi wa mtu nisiyemjua sikuwahi kuipata. Nilipanda kutoka mwaloni mpaka nyumbani nikimsalimu kila niliyekutana naye, hata wale tuliokuwa tumenuniana.

Lakini bibi hakuwepo pale, na bibi ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Aliniita wiki ya mwanzo ya mwezi wa kumi na mbili, mbalamwezi ya sita, baada ya sala ya alasiri. Shule ilikuwa inafungwa siku mbili mbele. Mama mdogo wa Kalinzi alikuwa ameshapiga simu kuuliza mtoto anapanda lini. Nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda kando ya chanja tupu, fundi mitumbwi amesimama karibu yake, na mapajani kwa bibi kuna ubao uliofunikwa kanga. Bibi alikuwa amekwenda kwa fundi jana yake, peke yake, akamtajia maneno, akamwapisha asimwambie mtu.

"Wewe mwalimu njoo usimame nyuma yangu," akasema. "Hapo. Mpaka nyuma. Uso wako unasema sana, na huyu anausoma kuliko vitabu."

Nikasimama nyuma ya chanja kama mtoto aliyeadhibiwa. Bibi akafunua ubao na kumpa msichana. Mimi niliona mgongo wa ubao tu.

Akauegemeza tumboni, akaweka kidole. Midomo yake ilitembea kwanza bila sauti. Kisha akaanza.

"Ka. Li." Akasimama. Silabi ya tatu ilimshinda, akaipapasa, akarudi, akaipapasa tena. "Nzi. Ka-li-nzi."

Nikaona uso wake unabadilika. Alishusha ubao, akautazama mchanga.

"Naondoka lini, bibi?" akauliza.

Nilielewa mara moja amefanya nini. Alikuwa amechukua neno moja na kujaza yaliyobaki kwa hofu yake, kama alivyojaza ukurasa ule uliochanika. Sikujua ubao umeandikwa nini, pengine alikuwa amejaza sawasawa, lakini nilijua hakuwa amesoma. Nilitaka kupiga kelele. Nilishika mti wa chanja kwa mikono miwili na kuuma ulimi mpaka nikahisi chumvi. Fundi aliangalia ziwa.

"Umesoma au umekisia?" bibi akauliza.

Msichana akachora mchangani kwa kidole cha mguu.

"Mwana wanje, mwanangu, nakuuliza. Umesoma au umekisia?"

"Nimekisia."

"Basi mstari haujaisha."

Akauinua ubao tena. Kidole kiliruka mahali, akakirudisha kwa mkono mwingine, akakishikilia pale. Hakututazama, si mimi, si bibi. "Hu," akasema. "Hu-e." Akasogeza kidole. "Ndi. Hu-e-ndi." Akakunja uso kama mtu anayesikia jambo kwa mbali. "Huendi. Kalinzi huendi."

Bibi hakutikisika. "Endelea. Kuna mstari mwingine."

Aliusoma wote, silabi kwa silabi, akikosea mara mbili na kujirekebisha mwenyewe bila kusaidiwa, na machozi yakimtoka wakati wote bila ya yeye kuyafuta, maana mikono ilikuwa na kazi. Utakaa na mimi mpaka umalize shule. Hivyo ndivyo bibi alivyomtajia fundi, na fundi aliniambia baadaye kwamba bibi alimwagiza kitu kimoja zaidi: kama mtoto angeshindwa kuusoma, ubao ule ungetiwa motoni na asingejua kamwe ulisema nini.

Nilitoka nyuma ya chanja. Nililia mbele ya wavuvi wote wa mwaloni ule, mimi ambaye hawajawahi kuniona nikikosa la kusema, na sikuona haya. Nilijivunia mtoto yule kuliko nilivyowahi kujivunia kitu chochote, na safari hii hapakuwa na cha kutamba nacho, kwa sababu aliyekuwa amesimama pale na ubao alikuwa amefika peke yake.

Bibi aliweka mkono nyuma ya sikio.

"Sikusikia vizuri," akasema. "Soma tena."

Alikuwa amesikia. Alimsomesha mara tatu, na mara ya tatu wanawake wa chanja za jirani walikuwa wameacha kazi zao na kusimama kusikiliza.